Injini Ilipotufia Mlimani

Gari langu lilikufa likipanda kwenda kijijini kwetu, upande wa Kinole, mahali ambapo unaliona bati la nyumba ya mama yangu huku bado una mlima wa kukutoa roho. Lilianza kwa kugonga. Nikadhani ni jiwe chini ya tairi. Likagonga tena, safari hii kwa hasira, kisha likatoa mlio mmoja hata mbuzi waliokuwa kando ya barabara wakaacha kula wakanitazama. Likazima. Oili ikaanza kutiririka, nyeusi tii, ikifuata mfereji wa mvua ya usiku kuelekea bondeni.

Mimi ni mshona mapazia wa Mafiga, huko mjini. Injini siijui. Lakini kitu kikifa mbele yako, unajua.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kipumbavu: nilimpigia simu yule aliyeniuzia. Siku ile ya kuniuzia alinipa karatasi ya waranti yenye mhuri mkubwa, akaniambia nikalale usingizi. Nikamweleza yaliyonipata. Akasema, "Mama, waranti si ilishaisha zamani? Hapo sasa umebaki wewe na Mungu wako." Nikamwambia Mungu wangu hauzi magari mabovu. Akakata simu.

Kama ningekuwa natembea tu nisingejali sana. Nilikuwa namfuata mama. Alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na madaktari wa macho waliokuja hospitali ya mjini walikuwa wanapasua bure mpaka kesho yake. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Wakiondoka, hakuna aliyejua wangerudi lini.

Na kumshawishi mama kulinichukua muda mrefu kuliko kulinunua gari lenyewe. Ukimwambia apande bodaboda, anakujibu, "Sipandi chombo kisicho na mlango." Vijana wa ukoo walijitolea kumshusha kwa machela, akawafukuza, kwake yeye machela ni ya mtu anayetoka nyumbani asirudi. Kushikwa mkono aongozwe huku kijiji kizima kinatazama, hilo hata usilitaje, maana hakuwa amekubali mbele ya mtu yeyote kwamba haoni. Atashuka na gari la binti yake, amekaa kiti cha mbele, au hashuki. Mimi nikakubali, na sasa gari lenyewe ndilo hilo.

Nikampigia fundi wangu. Huyu ni Mnyamwezi, mtu mpana kama kabati, ana gereji yake hapo hapo Mafiga, na kwa kuwa mimi ni Mluguru, sisi ni watani. Maana yake hatujawahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Alikuja na rafiki yake mwenye pikapu. Walipofika kwenye korongo ambapo mvua ilikuwa imekula nusu ya barabara, mwenye pikapu akagoma. Mimi nilipita pale kwa kusukumwa na vijana, na nadhani hapo ndipo injini ilipoapa kulipiza kisasi. Yeye alisema gari lake si la kusukumwa. Fundi akamalizia kilima kwa miguu, begi la spana begani.

Akafungua boneti, akachungulia, akavua kofia.

"Marehemu alikuwa anaumwa nini?" akauliza.

"Acha upuuzi. Angalia."

Akaniita nione. Chuma kimoja cha ndani kilikuwa kimekatika kikatoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi. Hii haitengenezwi, akasema, hii inazikwa, inaletwa nyingine. Kisha akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa, akaangua kile kilio cha watani msibani, analalamika kwamba Waluguru wameua mgeni kutoka Japani kwa kumnyima maji na oili, na kwamba haondoki mpaka apewe ubani wake. Wapita njia wenye mikungu ya ndizi walisimama. Mama mmoja alinipa pole ya dhati kabisa, akanikumbatia, kabla hajaelewa kuwa aliyefariki ni gari.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikamkumbuka mama, nikaanza kulia kweli. Fundi akainuka palepale juu ya jiwe.

"Twende tukamwambie," akasema.

Tulimkuta barazani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mkoba juu ya magoti, uso ameuelekeza barabarani.

"Mbona sijasikia mlio?" akauliza.

Nikamweleza. Akaushusha mkoba chini taratibu. "Basi," akasema. "Mungu hajapanga."

Nikakasirika. Nikamwambia Mungu amepanga madaktari, anayepangua ni yeye. Akageukia ukuta. Naujua ule uso, maana ni wangu mwenyewe. Ukishafunga, hata umwage machozi ndoo nzima, haufunguki. Niliogopa. Niliona kabisa mama yangu akibaki kwenye giza lile mpaka siku yake, kwa ajili ya kipande cha chuma.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Nani huyo? Sauti si ya huku."

"Fundi wa gari. Mnyamwezi wa Tabora."

Mama akanyanyua kichwa.

"Mnyamwezi? Mnyamwezi anaingia kwangu mikono mitupu? Babu zako walipita huko chini na meno ya tembo begani mpaka Bagamoyo. Wewe umebeba nini?"

"Nimefuata mzigo, mama. Nimesikia kuna Mluguru mmoja kachakaa, anatakiwa mjini."

"Utauweza wewe mzigo wa Kiluguru? Siku hizi hamna migongo, mnakula chipsi."

"Babu yangu alibeba jino la tembo dume. Mimi nitashindwa na kibibi kilichobaki mifupa na maneno?" Akapiga magoti mbele yake, akainamisha shingo. "Panda."

Nilifunga mdomo kwa mkono. Nilisubiri kandambili iruke. Angelisema hayo mtoto wa kaka yake, angeitishiwa kikao cha ukoo. Lakini mtani hanuniwi. Ukimnunia mtani umeshindwa, na mama hajawahi kukubali kushindwa.

Akanyoosha mkono, akayapapasa yale mabega kama mtu anayechagua godoro.

"Nikae juu? Kama mwali?"

"Kama mwali. Ila kwa mwali wa namna hii sitoi mahari."

Mama akacheka. Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Kwetu binti akimaliza kufundwa ndani hutolewa nje akiwa amebebwa mabegani, kapambwa, ngoma inamtangulia. Mama alitolewa hivyo usichanani. Kwenye machela anabebwa mgonjwa, lakini mabegani anakaa mtu anayeshangiliwa, na hilo hakuna aliyehitaji kumweleza. Alishaanza kukusanya kitenge chake.

Jirani alipomwona anachomoza juu ya mabega ya jitu lile, alipiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya bonde. Mwingine akatoka na ndoo ya plastiki akaigeuza ngoma. Kufika njia panda tulikuwa msafara: vibibi vya msikitini na vya kanisani pamoja, wanaimba nyimbo za mwali ambazo siwezi kuziandika hapa, na ambazo fundi, namshukuru Mungu, hakuzielewa zote. Mama huko juu, mkoba kwapani, anajibu salamu za kila mtu kwa kutambua sauti. Tulipofika kwenye gari akaamuru asimamishwe. Akalipigapiga paa kwa kiganja, akaliambia lipumzike salama, akaamuru twende.

Kwenye lile korongo fundi aliteleza. Goti lake likagusa tope, sote tukapiga kelele. Mama akamzaba kofi la kisogo.

"Angalia unapokanyaga! Nisiyeona ni mimi, si wewe!"

Wimbo ukakatika. Hakuwahi kulitamka hilo, si kwetu watoto wake, si kwa majirani. Nilimwangalia, nikaona hata yeye amejisikia. Kisha mwenye ndoo akaipiga kwa nguvu, watu wakaitikia, fundi akanyanyuka na mzigo wake, tukavuka. Pikapu ilikuwa na mlango. Mama alikaa mbele.

Habari ya injini niimalize hapa hapa. Gari lilishushwa kwa kamba barabara ilipokauka, likakaa gereji miezi, boneti wazi, kuku wa jirani akataga kiti cha nyuma. Nilishona mapazia mpaka nikawa naota marinda. Injini nyingine, iliyokwishatumika nayo, ililetwa kutoka Dar juu ya lori la saruji, na siku ilipowaka fundi alidai arobaini ya marehemu, nikapika pilau tukala gereji nzima. Nilimuuliza kama hii ina waranti. "Ipo," akasema, "mpaka getini." Gari linapanda Kinole mpaka leo.

Lakini asubuhi ile ya baada ya upasuaji gari lilikuwa bado maiti mlimani, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mama wodini. Walikuwa wameanza na jicho moja. Fundi naye alikuja, eti anadai ujira wake wa upagazi. Nesi akafungua bandeji. Mama akapepesa, akapepesa, jicho likatulia juu ya fundi.

"Kumbe ndiye huyu?" akasema. "Ningejua ana sura hii ningepanda bodaboda."

Wodi nzima ilicheka, na fundi kuliko wote. Kisha mama akanigeukia mimi, akaacha kucheka. Akaninyooshea mkono, akakisukuma kilemba changu nyuma, akagusa nywele za mbele.

"Una mvi," akasema. "Zimeanza lini?"

Nikamwambia zilianza kitinda mimba wangu alipoingia darasa la kwanza. Kitinda mimba wangu yuko sekondari. Nilimwona mama anapiga hesabu kimoyomoyo, nami naipiga hiyo hiyo, miaka yote aliyokuwa akinipokea mlangoni na kunikalisha na kunipakulia chakula bila kuniona.

"Inama," akasema, "nizione vizuri."

Nikainama.