Nataka Mbili

Imetangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mapambo, kwamba hakuna mgonjwa wa macho kisiwani Pemba atakayeachwa nyuma. Nafasi za upasuaji zitaombwa kwenye mtandao, na mtandao haubagui mtu.

Ukurasa wa kuombea aliutengeneza Fakhriya, binti wa Wete asiyejua kukaa. Chai huinywa amesimama, na hata harusini kidole chake hugongagonga goti. Majirani wanaamini anauza simu. Mkuu wake, Maher, alitaka vitufe viwili vya mwisho vilingane kama meno ya bandia, naye Fakhriya akavifungia kwenye upana mmoja usiobadilika. Cha juu: Nataka nafasi. Cha chini: Nataka kufuta.

Shangazi yake, Bi Zulekha wa Gando, mshona kofia ambaye siku hizi tundu la sindano humkimbia, alikuza herufi za simu yake hadi zikawa kama mihogo. Akaomba nafasi. Jioni Fakhriya akatazama kwenye mfumo. Jina la shangazi halimo. Akampigia huku akizunguka chumba.

"Shangazi, kwani hukuomba?"

"Niliomba, mwanangu! Nikabonyeza Nataka. Chini yake nikaona Nataka nyengine, nikaibonyeza nayo."

"Ya pili ya nini?"

"Wajue nataka kweli. Wakubwa husikia mara moja?"

Fakhriya akakuza herufi za simu yake mwenyewe. Neno la pili likakatwa ukingoni mwa kila kitufe, zikabaki Nataka mbili, pacha. Nafasi aliyoifuta shangazi ilikuwa imeshachukuliwa, na nyengine zote zimejaa.

Asubuhi hakungoja hata salamu ziishe.

"Tuviache vitufe vitanuke," alimwambia Maher. "Herufi zikikua, navyo vikue, neno lishuke mstari wa pili."

"Havitalingana."

"Atakayeona kwamba havilingani hahitaji upasuaji."

Maher aliafiki, baada ya vikao. Sasa Fakhriya hatoi ukurasa wowote kabla hajaukuza mpaka ufike kwenye mihogo, kisha anaukuza tena, hajiamini. Madaktari wa macho wameshaondoka, watarudi mwakani. Shangazi anawangoja, anashona kwa kupapasa.

Ripoti ya huduma hiyo imeshatoka, imehesabu vitufe vilivyobonyezwa. Bi Zulekha yumo miongoni mwa waliohudumiwa. Kahesabiwa mara mbili.