Fundi Vioo na Miji Yake Miwili

Mjomba wangu alikuwa fundi vioo, na katika mji aliozaliwa kazi hiyo haikosi mteja. Kila baada ya vurugu madirisha ya mtaa mzima yalikuwa chini, naye alipita na futi yake ya kupimia akicheka: "Wao wavunje, mimi nitie." Maji yalitoka bombani mara mbili kwa wiki. Umeme ulikuja ukijisikia. Lakini ukipiga chafya chumbani kwako, pole zilikujia kutoka nyumba tatu.

Siku moja saa saba mchana, wanaume wawili waliingia karakanani na panga. Waliitaka mashine yake ya kusagia kingo za vioo. Kwa ukaidi wake, mjomba akaikumbatia. Panga lilishuka mara moja tu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki mezani kando ya rula, kama vitu alivyosahau mteja. Ndipo akapiga yowe.

Mtaa ukamwagika. Muuza mkaa, mshona viatu, akina mama na michi yao ya kutwangia. Mwizi mmoja alitoka nduki. Wa pili, mwembamba, mwenye shati la njano, alijikwaa mtaroni. Walimpiga kwa mawe, kwa nondo, kwa fremu za mjomba mwenyewe.

"Inatosha! Jamani, nimesema inatosha!" mjomba alilia, mkono ameufunga kwa fulana.

"Tulia, fundi," mshona viatu akamjibu bila kugeuka. "Tunakusaidia wewe."

Yule kijana aliita mama yake mpaka sauti ikakatika. Jioni majirani walijaa hospitali na chupa za chai, wengine kucha zao zikiwa bado na damu. Mjomba akainywa ile chai, kisha akaitapika yote.

Miezi minne baadaye alihamia mji wa pili na mke wake. Alipata kazi kwenye kiwanda cha milango ya vioo, na nyumba ghorofa ya tatu. Alimpigia mama simu kama mtoto aliyepata kiatu kipya.

"Dada, nimefungua bomba asubuhi, maji! Nimefungua tena mchana, maji! Basi linafika dakika ile ile iliyoandikwa."

"Na majirani?"

"Wana adabu zao. Tunasalimiana kwenye lifti."

Mwenye adabu kuliko wote alikuwa wa mlango wa pili, karani wa bima, tai imenyooka muda wote. Haikupita muda, ukuta wa karani ukaanza kusema: kishindo, kimya kirefu, kisha maji yakichuruzika. Mke wa karani alivaa miwani ya jua hata siku za mvua. Mjomba akamwendea msimamizi wa jengo.

"Hayo ya mtu na mkewe, fundi," msimamizi alimwambia. "Huku kila mtu na mlango wake."

Jumamosi moja asubuhi sauti ya mwanamke ikapasua ukuta: "Jamani, ananiua!"

Mjomba, mkewe akiwa sokoni, alikimbilia koridoni, akagonga milango sita. Nyuma ya mmoja alisikia televisheni ikipunguzwa sauti. Polisi walimwambia kwenye simu kwamba wameandika, asubiri. Akachukua nyundo, akavuka kutoka roshani yake hadi ya karani, futi thelathini za hewa chini yake. Mlango wa huko ulikuwa wa kioo kigumu. Cha namna hiyo ukikipiga katikati kinakucheka, ukikipiga konani kinakwisha. Alikipiga konani.

Karani alikuwa amemkalia mkewe kifuani, waya wa pasi shingoni mwake, uso wa mwanamke umeshageuka rangi. Mjomba alishusha nyundo begani, mfupa ukalia. Karani akamrudishia kwa pasi yenyewe, meno matatu yakaenda. Wakagaagaa juu ya vipande, wakikatana bila kujua nani anamkata nani, mpaka mjomba akamweka goti mgongoni na kuinua nyundo juu ya kisogo.

"Mmalize," mwanamke alisema, akikohoa damu.

Mjomba hafichi: alitaka. Hamu ilimpanda, na hapakuwa na mtu wa kumshangilia wala wa kumzuia. Pale pale akawaelewa wale wa mtaani kwake, na kuwaelewa kulimtisha kuliko panga. Akaisukuma nyundo chini ya kochi, akamkalia karani dakika arobaini, polisi wakafika.

Karani alifungwa miaka sita. Mjomba naye alishtakiwa kwa kuvunja nyumba ya mtu, kesi ikafutwa mwanamke alipotoa ushahidi. Msimamizi akamwandikia barua ahame: wapangaji wamelalamikia kelele.

"Rudi nyumbani, kaka," mama alimsihi.

"Huko wangekuja, dada. Wangekuja wengi mno."

Yeye na mke wake wakapanga jengo jingine, mji ule ule. Kabla ya kufungua mizigo alipita mlango kwa mlango. "Mimi fundi vioo, nimehamia namba tisa. Mkisikia mtu analia kwangu, tafadhali njooni." Wawili walimfungia mlango usoni. Muuguzi mmoja mstaafu alimkagua, pengo la meno na makovu yote.

"Na nikilia mimi?"

"Nitavunja mlango, mama."

"Usiuvunje bwana, nimeupaka rangi juzi," bibi yule alisema, akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa akiba.