Bangili za Mama Evarist na Umeme wa Jua

Nakumbuka asubuhi moja pale Runazi, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, nilipokusanya kijiji kizima waje kusikia redio ikiongea kwa nguvu ya jua. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye maneno mengi kuliko akili. Aibu hii nisingeisimulia, lakini wewe, mwanangu Adelina, umenilazimisha Jumapili iliyopita.

Ulikuja Ngara kwa likizo ya chuo kikuu, ukanionyesha utando wako mwekundu wa maabara, mdogo kuliko ukucha. Ulinieleza kwamba ni plastiki, ila si hii ya ndoo na mabeseni. Katika mnyororo wa molekuli zake wewe na wenzako mmepachika metali, ili inase mwanga na kuugeuza umeme. Nilifurahi kweli, maana binti wa mdogo wangu anafanya jambo ambalo mimi nililiota tu. Kisha nikakuuliza kama mliupima gizani pia. Ukacheka. Ukasema, "Baba mkubwa, muda hautoshi. Na namba zilipanda, tuliziona." Na mwezi ujao unasimama mbele ya maprofesa kutangaza matokeo! Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asifundishe. Sasa imepoa, ingawa si yote.

Wakati ule wa vita betri za redio zilikuwa zimeadimika madukani. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na redio moja tu, ya mwenyekiti, nayo ilikuwa bubu kwa wiki kadhaa. Vijana wetu walikuwa vitani na wazazi hawakujua lolote. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba shaba ikichomwa mpaka iote utando mwekundu, ikatumbukizwa kwenye maji ya chumvi pamoja na shaba safi, hutoa umeme jua likiipiga. Nikajaribu kwa kibapa kimoja cha shaba iliyochomwa. Sindano ya kipimo cha umeme cha shule ikasogea. Sikungoja hata kidogo, nikakimbia kwa mwenyekiti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nikajitembeza nyumba hadi nyumba nikiomba shaba.

Mama Evarist, mjane ambaye mwanawe wa pekee alikuwa vitani, alivua bangili nne alizovishwa na mama yake siku ya kuolewa. Aliniuliza jambo moja tu, kama atasikia habari za huko vitani. Nikamwambia atasikia. Mhunzi akazipondaponda zikawa bapa.

Basi siku ile nikapanga vibakuli uani mwa shule, nikaunganisha nyaya, nikafungua redio. Kimya. Nikasema jua bado halijakaza. Likakaza. Nikasema chumvi haitoshi, nikaongeza. Watu walikaa wakinitazama kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko kama wangenizomea. Nikawaonyesha sindano: tazameni, imesogea, umeme wa jua upo, ni mchache tu.

Mama Evarist akainuka. Akavua kanga ya begani, akaikunja mara mbili, akaitandaza juu ya vibakuli vyote, kisha akainama kuitazama sindano. Ilishuka unywele mmoja, ikasimama palepale.

"Mwalimu," akasema taratibu, "jua nimelificha. Mbona mshale wako haujui?"

Hapo ndipo nikaelewa. Umeme ule, karibu wote, ulitoka kwenye zile shaba za aina mbili, iliyochomwa na safi, zikiliwa na maji ya chumvi. Ningeligundua hilo siku ya kwanza kwa kipande cha kitambaa, kabla ya kugusa bangili ya mtu.

"Kutojua nakusamehe," akaongeza. "Lakini wewe hukutaka kujua."

Niliomba radhi mbele ya wote. Tangu hapo, kila masomo yakiisha, nilipanda baiskeli hadi misheni, kulikokuwa na redio yenye betri, nikaandika habari za vita, nikarudi kumsomea Mama Evarist mlangoni kwake. Evarist alirudi vita vilipokwisha, amekonda lakini mzima. Bangili hazikurudi. Kutoka kwenye vile vibapa mhunzi aliweza kuunda upya moja tu, nyembamba, na Mama Evarist akaipokea.

Sasa ninyi mna maabara, mna vipimo vya ajabu, na bado mnarudia kosa la mwalimu wa kijiji asiye na hata betri! Mnanichosha. Nikiuliza, mnasema kila mtu hufanya hivyo. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwambie msimamizi wako unahitaji wiki mbili. Funika mwanga upime. Ondoa utando, acha kioo kinachoubeba kikiwa kitupu, upime tena. Umeme ukibaki uleule, waambie maprofesa kwamba plastiki yako haijanasa kitu, uwaambie wewe kabla hawajakuuliza. Lakini umeme ukikatika mwanga unapofunikwa, hapo simama utangaze, hata mimi nitapiga vigelegele na uzee wangu huu. Wala usipokee cha mtu kwa ahadi ambayo hujajaribu kuivunja kwa mikono yako mwenyewe.

Nimemaliza. Mungu akupe macho yasiyodanganyika na moyo usioogopa jibu baya. Akuweke karibu na watu watakaokuuliza, nawe uwajibu kwa adabu. Na utando wako huo mdogo, akipenda Yeye, uje uwashe taa katika nyumba ya mtu.