Kadi Isiyopata Moto

Wewe unayesoma haya, kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa kutunga. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na mtu asiyejua kugawanya atatunga nini? Yaliyonipata yalinipata hapa hapa Durban, mchana, nikiwa na akili zangu, na binti yangu Furaha alikuwa pembeni yangu. Muulize. Ila usimuulize leo. Siku hizi akisikia habari hii anatoka chumbani.

Mimi nalinda magari kule Overport, mbele ya maduka. Navaa kizibao cha njano, nawaonyesha watu pa kuegesha, na wakirudi wananiambia "sharp, baba", yaani safi, halafu wanaondoka bila kuniachia hata senti. Sharp hailiwi. Kwetu Uvira nilikuwa na nyumba ya matofali yenye veranda, na watu walikuwa wakinisalimia kwa kuvua kofia. Basi, tuiache nyumba, tayari kuna watu wengine wanalala humo.

Furaha ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Alikuwa anafanya montaji ya video, yaani kuzikata na kuziunga. Sisi Wakongomani wa hapa, harusi, ubatizo, matanga, vyote tunavipiga video, kwa sababu nusu ya ukoo imebaki nyumbani na haiwezi kuja, na sisi hatuwezi kurudi. Ukirudi, makaratasi yako ya ukimbizi yamekufa. Kwa hiyo harusi inakatwa vizuri, inatiwa nyimbo, inatumwa Uvira kwa simu, na kule inazunguka mtaa mzima. Lakini mashine ya Furaha ilikuwa imezeeka kuliko mimi. Ikifika kwenye keki, inazimika. Bibi harusi gani atakubali harusi isiyo na keki? Wateja walianza kwenda kwa wengine.

Tukasema tuunge kompyuta yetu wenyewe, kipande kwa kipande. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana kijana wangu Bahati, kinyozi, naye alitia mshahara wake humo, na yeye shida yake ni gemu.

"Yaya, bila kadi kubwa ya grafiki, gemu hazitembei," akamwambia dada yake. "Na boksi lake liwe la kioo, na taa za rangi."

"Taa za nini? Unafungua disko?"

"Na wewe rami zote hizo za nini? Unafungua duka?"

Mimi sikuelewa kitu, mpaka Furaha aliponieleza kwa habari za jikoni. Prosesa ni mpishi. Rami ni meza ya kukatia: ikiwa ndogo, vitunguu vinaanguka chini. Diski ni stoo. Na kadi ya grafiki ni mkono unaopakua ili watu waone chakula. Mwenye gemu anataka mkono wenye nguvu, mwenye montaji anataka meza pana na stoo ya haraka, lakini na mkono pia anauhitaji. Pawa saplai, ile inayogawa umeme, alisema tununue mpya, ya zamani inaweza kutuunguzia nyumba. Diski mpya. Kitu pekee cha kutafuta kilichotumika ni kadi, kwa sababu mpya hatuiwezi. "Lakini papa," akasema, "kadi ya mtu, lazima tuione ikifanya kazi kwanza."

Shika hilo neno. Mimi sikulishika.

Siku moja mvua inatishia, niko kwenye magari yangu, kijana mmoja akasimama karibu nami. Shati la bluu, jaketi juu, kwenye joto lile la Durban linalomfanya mtu ajute kuwa na ngozi. Akanisalimia kwa Kiswahili cha Uvira, kile chenyewe.

"Papa, nimesikia munatafuta kadi. Mimi iko nayo. Mukuje kesho Albert Park." Akanitajia jengo na mlango.

Nilikuwa nimemwambia nani? Sijui. Mimi kinywa changu hakina mlango, nikadhani amesikia sokoni.

Kesho yake tukaenda, mimi na Furaha. Ghorofa ndefu, umeme umekatika, lifti imekufa, tukapanda ngazi mpaka magoti yakanitukana. Kijana alikuwa amekaa kitandani, kadi ameiweka juu ya shuka mbele yake, safi, kama mtoto aliyeogeshwa. Alisema anaitwa Espoir. Kumbe mama yake anauza dagaa karibu na pale nilipokuwa nikikaa zamani! Tukaongea nyumbani hadi nikasahau tulichofuata. Akataja bei ndogo, fifteen hundred, yaani randi elfu moja na mia tano. Bahati alikuwa ameona kama hiyo dukani kwa mara tatu yake.

Furaha akasema kwa heshima, "Kaka, umeme ukirudi tutakuja tuijaribu."

Nilimkanyaga mguu. Niamini, kwetu hivyo ndivyo tulivyo: mtu wa nyumbani akishakuita papa, akishakutajia mama yake, ukimwambia nijaribu kwanza, umemwita mwizi mbele ya mama yake. Nikasema, "Huyu ni mtoto wetu. Tunachukua." Furaha aliniangalia, akatoa pesa kwenye mkoba. Akazikunja zile noti, akazifunga kwa kibanio chake cha nywele.

"Usinipe mukononi, papa," Espoir akasema. "Weka pale mezani, chini ya kikombe." Nikaweka. Halafu akasema, "Mukifanya montaji ya video za sikukuu, muzitume nyumbani. Muzitume zote. Watu wa nyumbani wanapenda kuona."

Neno zuri, sivyo? Nami nilimwambia asante.

Kadi ikafungwa ndani ya kompyuta. Bahati akakesha na gemu zake, asubuhi akanivuta mkono. "Papa, gusa hapa! Haipati moto!" Kweli, ilikuwa baridi kama chuma cha usiku wa Julai. Yeye akafurahi. Wewe umewahi kuona mashine inayofanya kazi bila kupata moto? Hata kipaza sauti cha kanisa kinapata moto. Kisha baada ya siku chache akaacha kucheza. Alisema ndani ya gemu, mbali nyuma ya wale wanaopigana, kuna mtu amesimama na shati la bluu. Hapigi, hakimbii. Anaangalia tu. Furaha akamwambia alale.

Halafu ikaja harusi ya kwanza. Keki ilitoka nzima, nyimbo, machozi ya mama wa bibi harusi, yote safi. Tukaituma nyumbani, mteja akaisambaza. Baada ya hapo mjomba wa bibi harusi akaja na simu mkononi.

"Furaha, huyu ni nani?"

Nyuma, karibu na vinywaji, Espoir. Na shati lake.

"Labda mgeni," Furaha akasema.

"Mgeni? Wageni wote nimewalisha mimi! Huyu hakula."

Furaha akafungua kamera. Kwenye kamera hayupo. Kwenye mashine yupo. Akamkata, akatokea kwenye keki. Akamkata kwenye keki. Akatokea kwenye maombi, amesogea mbele. Harusi ya pili, yupo. Kwenye video ya matanga ya mzee mmoja, yupo, na mwanamke mmoja alipoiona akapiga kelele: "Huyu walishamuzika!"

Nikarudi Albert Park. Jirani yake, mama wa Bujumbura, akanieleza mlangoni. Espoir aliugua kifua wakati wa baridi, akafia hospitali. Rafiki zake wakamzika haraka haraka hapa hapa, hawakuweka hata matanga, kisha wakahamia Cape Town. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu hapo. Mwenye ufunguo alipotufungulia, vumbi lilikuwa sakafuni halina alama ya mguu. Na chini ya kikombe, noti zetu, na kibanio cha Furaha.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Nani atamuambia?" yule mama akasema. "Habari ya kifo utaisema kwenye simu kama bei ya nyanya? Inatakiwa mutu aende, akae chini na wazee, amushike mama mukono. Na nani hapa anaweza kwenda? Wale rafiki wanamuambia mwana iko na kazi nyingi."

Eish. Nilikaa kwenye ngazi.

Habari ilienea. "Montaji ya Furaha inaalika maiti." Furaha akaing'oa kadi, akaiviringisha kwenye kitenge, akaitia chini ya kabati. Akanunua nyingine dhaifu, akaijaribu mbele ya muuzaji bila aibu. Video zikawa safi. Wateja hawakurudi. Sasa anasuka nywele saluni, na ile kompyuta yenye meza pana na stoo ya haraka, Bahati anaitumia kuangalia mpira. Binti yangu hanilaumu kwa mdomo. Afadhali angelaumu.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Namba ya Furaha ilikuwa mwisho wa kila video. Jumapili moja simu ikalia, Furaha akasikiliza kidogo, akanipa. Ni mama wa dagaa.

"Ndugu yangu, Mungu akubariki. Nimemuona mutoto wangu kwenye harusi! Ananenepa. Kumbe munamualika kila mahali. Mbona hashiki simu yangu?"

Ungemwambia nini wewe? Nilisema ana kazi nyingi. Mimi, mzee mzima.

Anapiga kila Jumapili baada ya misa. Jumapili iliyopita alisema, "Ndugu, mbona kwenye harusi za siku hizi simuoni tena?"

Kadi iko chini ya kabati; tukiirudisha kwenye mashine, atamuona tena. Nikipitisha mkono pale, kitenge ni baridi.

Basi wewe, mtoto wa nyumbani unayeunga kompyuta kwa pesa kidogo, nunua rami, nunua diski, hayo sijui. Lakini kadi ya mtu, ijaribu mbele yake, hata akikuita papa, hata akikutajia mama yake. Na umuulize ilikuwa ya nani, na kama huyo mwenyewe ameshaliliwa. Asipojibu, shuka ngazi. Shuka haraka.