Chupa Alizorudisha Mama

Mwanangu, kabla hujafunga begi la safari, keti kidogo. Iko siku moja ambayo naikumbuka kila nikishika chupa tupu. Mume wangu alikuwa anasoma Ujerumani, nami nimetoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama akaja kutoka Iringa kunitunza, maana kwetu binti akijifungua mama yake humfuata popote alipo.

Kule taka zina adabu zake. Karatasi zina pipa lake, maganda ya vyakula pipa lake, na chupa hutengwa kwa rangi. Sisi tulikuwa tumeshachanganya mara moja, mwenye nyumba akatuonya kwamba tukiharibu tena mambo ya mapipa tutahama. Tuhamie wapi na kichanga, na baridi ile!

Sasa mama alikuwa muuza asali sokoni. Kwake chupa yenye kifuniko haijawahi kuwa taka. Asubuhi moja naamka, nakuta chupa za jemu zimepangwa dirishani, zimeoshwa zinang'aa. Alikuwa amezitoa kwenye mapipa ya jengo zima.

"Za asali hizo," akasema. "Watu wa huku wanatupa mali, mwanangu we!"

Kabla sijamjibu, mlango ukagongwa. Alikuwa mzee wa ghorofa ya chini, msimamizi wa mapipa. Ulimini nilikuwa na maneno ya kumkana mama yangu mzazi, kwamba huyu ni mgeni tu, hajui kitu. Mama akanitangulia, akapiga goti kidogo.

"Kamwene, baba," akamsalimia kwa Kihehe chake. Kisha akanigeukia. "Mwambie ni mimi nimezichukua. Na umuulize, wao huzipeleka wapi?"

Nikatafsiri. Mzee akasema huyeyushwa, zikatengenezwa chupa mpya, ndiyo maana zikishaingia pipani hazitolewi.

"Kumbe hawatupi!" mama akasema. "Basi hizi zina wenyewe. Anionyeshe pa kuzirudisha."

Wakashuka wote wawili. Niliwatazama kutoka dirishani, mtoto begani. Mzee anaonyesha, mama anatumbukiza, kila rangi mahali pake. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa wanacheka. Nilimwonea mama fahari ambayo siwezi kukueleza. Mwenye nyumba hakuambiwa neno.

Mama alipokaribia kuondoka, mzee alimletea boksi la chupa kutoka jikoni kwake, hazijagusa pipa. Mzigo ulipozidi, mama akapunguza nguo, chupa akazibeba. Baadaye moja mama akairudisha Ujerumani imejaa asali, zawadi kwa yule mzee. Mzee alipomaliza asali, chupa hakuipeleka pipani. Aliiosha, akanipa nimrudishie mama.

Mwanangu, ugenini usijitie kujua. Uliza vitu vya watu huenda wapi kabla hujavigusa. Ukikosea, rudisha kwa mkono wako mwenyewe, watu wakiona. Na mzazi wako akikutembelea na mambo yake ya nyumbani, simama naye pale mlangoni.

Mungu akutangulie, akukinge na baridi ya huko, akurudishe Iringa ukiwa mzima. Chupa yenyewe mama aliniachia, na nimekuwekea begini, imejaa asali. Mpe jirani yako wa kwanza.