Karatasi Iliyolala kwa Ndugu

Tulasa Khatiwada aliapa kuwa raia wa Australia akiwa na miaka hamsini na minne, katika ukumbi wa manispaa ya Albury, amevaa sari nyekundu aliyoiazima kwa rafiki yake Mandira. Mtihani wa uraia ulikuwa umemwangusha mara mbili. Aliyemfundisha mpaka akafaulu ni mdogo wake, Homnath, ambaye alikuwa akirudi kutoka zamu ya kiwanda cha nyama, macho mekundu kwa usingizi, anaketi naye jikoni na kumrudishia swali lile lile hadi limkae kichwani. Siku ya kiapo meya alimpa cheti na mche wa mti wa kupanda nyumbani. Watu walipiga makofi, Tulasa akalia. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, na hapakuwa na mtu wa kusema limeandikwa kimakosa.

Maana kule walikozaliwa, kusini mwa Bhutan, karatasi ndizo zilizowatoa. Maofisa walikuja kijijini wakataka vitambulisho vya uraia vikakaguliwe. Baba yao akakabidhi cha kwake, kikaondoka, hakikurudi. Kisha familia ikaambiwa si watu wa pale, ni Wanepali. Walivuka mpaka Homnath akiwa mtoto wa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Tulasa, kwa sababu mama alibeba sufuria na mchele. Walikaa kambini Beldangi, Nepal, karibu miaka ishirini, kwenye vibanda vya mianzi. Baba alifia huko huko, na hadi mwisho alikuwa na neno moja kwa wanawe: karatasi yako isilale nyumba ya mtu mwingine.

Ndege za kwenda ng'ambo zilipoanza kuwachukua wakimbizi, familia iligawanyika. Kaka yao mkubwa alikataa katakata. Yeye alikuwa bado anaingoja Bhutan. Mama akabaki naye. Tulasa, mjane asiye na mtoto, aliondoka na Homnath, na Homnath alipooa akamwambia dada yake hakuna haja ya kutafuta nyumba nyingine. Tangu hapo Tulasa ndiye aliyewalea watoto wawili wa mdogo wake, mkubwa akiitwa Prayash. Homnath na mkewe Sabitri walikwenda kazini kwa zamu. Tulasa aliwaamsha watoto, akamsuka yule mdogo nywele, akawapeleka shule, akapika wali na dengu.

Basi jioni ya siku ya kiapo Homnath alimwambia chumba chake hakina hata kabati la kufungwa, watoto watakichora kile cheti. Afadhali akiweke kwenye sanduku lao la chuma. Neno la baba lilimpita Tulasa kichwani. Akajijibu mwenyewe kwamba ndugu si mtu mwingine, akampa.

Mwaka uliofuata mama alianza kudhoofika. Kaka alipiga simu akasema hatoki tena kitandani bila kushikwa. Kisha akampa mama simu, na sauti yake ilikuwa ile ile, ya kuamuru.

"Njoo, binti yangu," alisema. "Njoo wakati bado nakujua."

Tulasa hakuwahi kuwa na pasipoti maishani mwake. Alikwenda posta kuuliza, na karani akamweleza kwa upole kwamba kwa pasipoti ya kwanza wanataka cheti cha uraia chenyewe, si nakala. Jambo dogo, alifikiri. Alirudi akamwomba Homnath akitoe. Homnath akasema atakitafuta. Siku chache baadaye akaja ameinamisha uso. Cheti hakionekani, alisema. Huenda kilitupwa na makaratasi walipohama kutoka nyumba yao ya zamani, mtaa wa Lavington.

Tulasa alipigwa na butwaa, lakini alipoona mdogo wake hamtazami usoni alidhani ni aibu, akamhurumia. Ni yeye aliyempa pole. Alipekua nyumba nzima, mpaka magunia ya mchele, mpaka mifuko ya nguo za watoto walizoacha kuvaa. Sanduku la chuma hakuligusa, kwa kuwa Homnath alishasema amelitazama. Homnath akaahidi kuomba cheti kingine. Kila alipoulizwa alisema ameshatuma maombi, na serikali ina foleni.

Miezi ikapita. Kwenye simu maneno ya mama yakawa yanapungua. Mwanzoni aliulizia safari, baadaye akawa anauliza kama Tulasa amekula, mwishowe alisikika akipumua tu. Tulasa alirudi jikoni kukoroga dengu, na watoto walipomuuliza kwa nini analia alisingizia vitunguu.

Aliyemwamsha ni Mandira, mwanamke wa maneno makali aliyeshona nguo za harusi za nusu ya Wanepali wa Albury.

"Foleni gani hiyo?" Mandira alisema. "Mimi changu kilipoharibika kwa maji nilipata kingine kabla ya sikukuu. Una namba ya maombi? Huna? Inuka twende wenyewe."

Walikwenda kwa mtu wa ofisi ya kuwasaidia wahamiaji. Akatafuta, akawaambia haoni maombi yoyote kwa jina la Tulasa. Yawezekana yalipotelea njiani, alisema, basi waanze upya. Tulasa aandike maelezo ya kiapo jinsi cheti kilivyopotea, na kwa kuwa kilipotelea mikononi mwa mdogo wake, naye aandike ya kwake, wakaape mbele ya shahidi. Mfamasia wa duka la dawa la mtaani angetosha.

Jumapili mchana Tulasa aliiweka ile karatasi mezani mbele ya Homnath, na kalamu juu yake. Homnath aliisoma, akaisoma tena.

"Lazima niape?"

"Kwa mfamasia tu. Useme kilivyopotea."

Akashika kalamu. Sabitri alikuwa anaosha vyombo, amewapa mgongo. Maji yakaacha kutiririka.

"Usiape, baba Prayash," alisema bila kugeuka. "Watoto wanakusikia." Kisha akasema, "Wifi, cheti kipo. Kimo sandukuni. Hakijatoka humo hata siku moja."

Tulasa alimtazama mdogo wake, akingoja akanushe. Homnath alikwenda chumbani, akarudi na bahasha ya manispaa, safi kama siku ile, akaiweka juu ya meza.

"Ungeenda usingerudi, dada," alisema. "Kila siku unataja kaburi la baba. Sisi tuko zamu wote wawili, watoto ningemwachia nani? Nilitaka nikucheleweshe kidogo tu, mpaka huyu mdogo azoee shule."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Ningekwenda mwezi mmoja nikarudi. Hukuniuliza." Sauti ya Tulasa haikupanda. "Waliomnyang'anya baba walikuwa wageni, Homnath. Hawakula mkononi kwake. Wewe nilikutafunia wali kambini, huna meno."

Alichukua bahasha, akafunga nguo zake, akaenda kwa Mandira. Mtoto mdogo alimfuata mpaka mlangoni akimwita, na hilo ndilo lililomuuma njiani kuliko yote.

Pasipoti ilipatikana upesi kuliko alivyotarajia. Lakini ikiwa bado iko njiani, kaka alipiga simu: mama amepooza upande mmoja, hasemi.

Tulasa alifika Beldangi akakuta vibanda vimepungua na nyasi zimeota mahali walipokuwa wakikaa jirani zao. Mama alimtazama kama anavyotazamwa muuguzi. Mwezi mzima Tulasa alimlisha uji kwa kijiko, akampaka mafuta kichwani, akamsimulia habari za Albury. Siku moja mama alimshika kiganja akakivuta puani akakinusa, kwa muda mrefu, kisha akakiachia. Kama alimtambua, hakuna wa kulithibitisha. Majirani walimuuliza kama Homnath hajambo. Hajambo, alijibu, kazi nyingi tu. Mengine aliyameza.

Aliporudi Albury alibaki kwa Mandira. Pasipoti na cheti alivitia kwenye kopo la bati lenye kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la sari. Mandira alipomtania kwamba hata yeye hamwamini, Tulasa hakucheka. Alisema hapana, hamwamini mtu yeyote.

Ikaja sikukuu ya Tihar, na ndani yake siku ambayo dada humpaka ndugu yake wa kiume alama za rangi saba kwenye paji la uso, kumkinga na mauti. Homnath alikuja na Sabitri na watoto, akasimama uani, hana uhakika kama ataitwa ndani. Tulasa alimwita. Alimkalisha kwenye mkeka, akamzungushia mafuta pande zote, akavunja kokwa ya jozi mlangoni kufukuza mauti, akampaka rangi moja baada ya nyingine. Akamvika shada la maua shingoni.

"Umenisamehe, dada?" Homnath aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuombea umri mrefu," Tulasa alisema. "Hilo halikuwa na ugomvi. Hilo lingine usiniulize."

Akageukia watoto, akawapa mikate ya sukari, akamwuliza mdogo nani siku hizi anamsuka nywele.