Bahasha Zenye Kidirisha

Nedra, binti wa kaka yangu Estil, hakuwa daktari. Hapa Lick Fork, milimani Kentucky, kila mtu alimwita dakta, naye kila mara alikana: "Mimi ni muuguzi, ila nina kibali cha kupima na kuandika dawa." Sisi tuliona ni maneno tu. Madaktari wa mjini wakiiona kadi ya bima ya serikali hukumbuka ghafla kwamba nafasi zimejaa hadi Krismasi. Nedra aliipokea. Zahanati aliifungua katika saluni ya kinyozi iliyokuwa imefungwa, na kile kiti cha kunyolea akakibakiza. Anakanyaga pedali, unapanda juu kama malkia, anakupima presha. Yangu siku moja ilipanda mpaka kipimo kikaomba likizo.

Sasa, watu wa bonde hili hatufungui bahasha zenye kidirisha, zile za ofisini ambazo jina lako linachungulia kwenye plastiki. Tangu enzi za mgodi wa makaa kidirisha kimetuletea mabaya tu, madeni na kufukuzwa kazi, kwa hiyo tunazitumia kuwashia jiko. Mimi kusoma sijui, lakini kidirisha nakijua. Kumbe barua za bima nazo huja na kidirisha, na usiporudisha fomu iliyomo, kadi inakufa. Nedra akatenga Alhamisi. "Msichome! Leteni zote." Tukawa tunakwenda na barua zetu juu ya ndoo za maharage mabichi. Sisi tunavunja maharage, yeye anasoma na kujaza.

Estil hakuja hata Alhamisi moja. Kisukari chake kilitibiwa ng'ambo ya mlima, maana Nedra alisema si vizuri mtu kumtibu baba yake.

"Binti yangu asome barua zangu mbele ya majirani, akina Arlie?" aliniambia. "Bora nivue suruali kanisani."

"Hiyo suruali, kaka, itakuvuka yenyewe."

Nilicheka. Mtu amekonda vile, nami nikacheka.

Oktoba nilifungua friji yake nitafute maziwa, nikakuta kichupa kimoja tu cha insulini.

"Kadi imekufa," akasema. "Barua niliichoma kiangazi. Sasa najidunga nusu nusu, mpaka nione la kufanya. Ukimwambia Nedra, Vesta, mimi na wewe basi."

Alhamisi hiyo Nedra akaniuliza, "Shangazi, baba vipi? Simu hapokei. Nataka nipite kwake leo jioni."

"Baba yako? Jana dubu kavamia mizinga yake ya nyuki. Estil kamkimbiza mpaka daraja la pili, dubu kapiga magoti kaomba samahani, karudisha na asali!"

Zahanati nzima ilivunjika mbavu. Arlie alimwaga maharage. Nedra alicheka kuliko wote, akajifuta macho.

"Basi kama ana nguvu hizo, nitapita Jumapili baada ya ibada."

Jumamosi asubuhi nilimpelekea kaka yangu mkate wa mahindi. Alikuwa kwenye kiti chake, viatu amevaa, kamba hajafunga. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na mkate wangu bado ulikuwa wa moto.

Nedra alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Alikishika kile kichupa, akasoma tarehe aliyopewa dawa. "Hiki kilitakiwa kiishe Septemba," akasema. Kisha akainama kwenye boksi la karatasi za kuwashia jiko, akatoa bahasha nyingine ya kidirisha ambayo haijafunguliwa. Akaisoma amesimama. Walikuwa wamempa siku tisini za kurudisha fomu ili kadi ifufuke. Zilikuwa zimebaki ishirini.

Alhamisi baada ya mazishi alifungua zahanati kama kawaida. Ilisikika sauti ya maharage tu yakivunjwa. Zamu yangu ilipofika akanipandisha kwenye kiti, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akaniinamia sikioni.

"Shangazi, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na hadithi tayari, nzuri, ina hata nyumbu ndani yake.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akakijaza upepo, akasikiliza. Akaandika namba.

"Leta barua yako."

Nikampa. Akanisomea yote mpaka mstari wa mwisho, akajaza fomu, akanionyesha pa kuweka alama yangu. Siku zote humalizia kwa kunishushia kiti. Siku hiyo alikwenda dirishani akasimama, ametugeuzia mgongo, nami nikabaki kule juu, miguu inaning'inia, na hakuna aliyecheka.